Kiti Kimoja Nyuma ya Benchi la Pweza

Sogeeni hapa mniamulie. Hadithi ninayo, mwisho sina, na uvumilivu umeniishia. Mie Bi Mwanjaa, muuza kahawa na kashata hapa Ngamiani, nimegeuzwa hakimu bila kuomba, na kahawa yangu inapoa bure.

Kuna watu watatu. Wa kwanza ni Mzee Mhando, karani mstaafu wa reli. Kipaji chake ni hesabu. Akishika daftari, hata salamu haitikii. Wa pili ni Mwasiti, fundi cherehani anayeshona jezi za Pweza, timu yetu ya mpira wa kikapu. Huyo ana jicho la vipimo. Wa tatu ni Chambo, muuza madafu kwenye geti la uwanja wa mazoezi, na yeye kipaji chake ni kutazama watu. Wote ni wanachama wa tawi letu la mashabiki, na tawi lenyewe ndilo benchi hili mlilokalia.

Basi mwaka jana klabu ikavunja kikosi. Wakongwe sita wakaondoka kwa mpigo, wakaletwa vijana ambao hata ndevu hazijaota. Ukimuuliza kocha, anajibu, "Tunajenga." Tunajenga, tunajenga! Huu mwaka wa tatu anaimba hivyo, hata kabla ya kuvunja kikosi; nyumba gani haifiki hata lenta? Ili kutupoza, klabu ikatangaza shindano: kila tawi lilete karatasi moja ya utabiri kabla ligi haijaanza. Pweza watashinda michezo mingapi kati ya ishirini na miwili? Nani atawaongoza kwa pointi? Watashuka daraja au watabaki? Tawi litakalopatia yote matatu litapewa kiti cha mbele, nyuma kabisa ya benchi la kocha, kwa msimu mzima unaofuata.

Mzee Mhando akafungua daftari lake la miaka kumi na moja. Siku nne anajumlisha na kutoa, kahawa inaganda mbele yake. "Timu ya vijana huchelewa kuamka," akasema. "Nyumbani watashinda saba, ugenini miwili. Andikeni tisa." Nikaandika tisa.

Mwasiti akatua futi yake mezani. "Pointi, andikeni Semboja."

"Semboja yupi?" Mzee akashangaa. "Yule fito wa akiba?"

"Huyo huyo. Nilimpima Januari, nikampima tena Machi. Kiuno kile kile, mabega yameongezeka inchi mbili. Yule anajifua peke yake, nyie hamjui tu." Nikaandika Semboja, huku nacheka.

Chambo hakuwa na daftari wala futi. "Hatushuki," akasema. "Wale wakongwe, mazoezi yakiisha kila mtu na njia yake. Hawa watoto wanakaa chini, wanakula sinia moja. Hata wakigombana, wanagombana wakiwa wanakula." Nikaandika: watabaki.

Karatasi ikaenda. Hakuna aliyeuliza kiti kimoja kitakaliwa na nani. Watu wazima wanne, hata mmoja! Na sababu naijua: hakuna aliyeamini kwamba tutashinda.

Lo, msimu ukaanza! Tukafungwa mara saba mfululizo. Mzee alilitukana daftari lake mpaka nikamziba mdomo kwa kashata. Mwasiti akawa anashona jezi huku anazisonya. Chambo peke yake aliendelea kwenda uwanjani, akirudi anasema, "Bado wanakula sinia moja." Tukamwona mwehu. Mchezo wa nane mchezaji mmoja akateguka kifundo, Semboja akaingia, na hakutoka tena. Siku ya mwisho tulikuwa tumeshinda michezo minane, na tunacheza na mabingwa. Zikiwa zimebaki sekunde mbili, Semboja akarusha kutoka mbali, mpira ukazunguka kwenye ringi, ukaingia. Tisa! Tukabaki kwenye ligi kwa tofauti ya mchezo mmoja, na Semboja akawapita wote kwa pointi. Matawi yote kumi na manne, ni sisi tu tuliopatia yote.

Tukakumbatiana hapa, vikombe vinne vikavunjika. Kesho yake ikaja barua: jina moja, kadi moja yenye picha. Kiti hakigawanywi, hakiazimwi. Jina lifike ofisini leo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo kiti kinakwenda kwa tawi la Chumbageni, waliokosea jambo moja tu. Chumbageni! Wale waliotuita wachimba msingi msimu mzima!

"Nipeni mimi," akasema Mzee Mhando. "Jicho la kushoto limeshazimika, na la kulia daktari kasema litadumu mwaka mmoja tu. Nikikaa kule juu jukwaani nausikia mpira, siuoni."

"Pole, Mzee wangu," akasema Mwasiti, "lakini miaka minane nashona jezi, na siku ya mchezo nasukumwa mpaka ukutani. Sijawahi kuona mshono wangu ukikimbia. Na bila Semboja wangu, hiyo tisa yako ingetoka wapi?"

Chambo akacheka kwa hasira. "Tulipofungwa mara saba, jukwaani pale alibaki nani? Mlikuwa wapi nyie?"

Nikajishughulisha na birika, maana kweli hatukuwepo.

Nikasema tupige kura. Kila mmoja akajipigia. Nikasema basi kiti tukiache. Wote watatu wakanifokea kwa pamoja, ndiyo mara ya mwisho nimewasikia wakikubaliana. Siku ya tatu leo hawasemeshani. Watazameni: wanakunywa kahawa moja, birika moja, kila mtu kampa mwenzake mgongo. Vijana wa Pweza wanakula sinia moja, na hawa waliowatabiria hawawezi hata kupokezana sahani ya kashata!

Sasa ni saa tisa na nusu. Ofisi iko mwendo wa dakika ishirini, na miguu yangu hii mnaiona. Ukiondoa neno la mmoja wao, karatasi yetu ingekuwa ya kufungia karanga tu. Kalamu hii hapa. Wewe uliyekaa hapo na kashata yangu mdomoni, hebu meza unijibu: ungeandika jina la nani, na hao wawili waliobaki ungewatazamaje usoni kesho wakija kunywa kahawa?