Mhudumu Aliyekalia Kigoda

Ukimaliza kusoma kisa hiki usikae nacho kama kidonge mdomoni. Mpelekee mwenye mgonjwa nyumbani, na yule anayecheka kazi za wenzake usimsahau.

Huko milimani kwenye mvua na migomba palikuwa na binti aitwaye Tusekile. Alichagua kusomea kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao. Baba yake mdogo alipopata habari alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani ada yote hiyo ukasomee kuogesha vikongwe?"

"Ndiyo, baba. Kwani wewe unaelekea wapi? Utotoni?"

Baba mdogo akavuta kofia yake chini. Mwenye mvi hapendi kukumbushwa.

Masomo ya darasani yakaisha. Yakabaki mafunzo kwa vitendo: miezi mitatu katika nyumba ya mgonjwa, na mwishoni barua ya wenye nyumba kwamba kazi imefanyika vizuri. Bila barua hakuna cheti, na bila cheti Tusekile angerudi kwa baba mdogo akachekwe upya.

Akapelekwa kwa Bibi Ikupa. Kiharusi kilikuwa kimemchukua bibi huyo upande wote wa kulia. Miaka miwili alitunzwa na mwanamke mmoja hodari, mtaa mzima ukimsifu. Alimwogesha, alimvisha, alimlisha kwa kijiko, alimgeuza kitandani kama chapati. Alipoolewa akaondoka, watu wakasema bibi hatampata mwingine wa namna ile.

Siku ya kwanza Tusekile akaleta uji, akamtilia bibi kijiko katika mkono wa kushoto.

"Nilishe," bibi akasema.

"Mkono huu ni mzima, bibi."

"Wa kushoto? Nile kwa mkono wa chooni? Kwenu hamkufundishwa adabu?"

"Wa kulia umelala, bibi. Aliye macho ndiye apewe kazi."

"Nitamwaga."

"Nitafuta."

Bibi akamwaga, tena kwa makusudi. Tusekile akafuta. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Matusi aliyotukanwa binti yule mwezi wa kwanza hayaandikiki mahali wanaposoma watoto.

Mwezi wa pili bibi alikuwa anakula mwenyewe, anakaa kitini, anatoka uani kuota jua akiwa ameshikwa kiuno. Siku moja ya mwezi wa tatu akasusa uji. Alitaka ndizi, tena zilizopikwa anavyopika yeye.

"Basi zipike, bibi," Tusekile akasema.

"Umerukwa na akili? Ndizi mbichi inamenywa kwa mikono miwili!"

Tusekile akatafuta kipande cha ubao, akapigilia misumari miwili kutoka chini mpaka ncha zikasimama juu. Akatandika kitambaa kibichi chini ya ubao usiteleze, akachomeka ndizi kwenye zile ncha. Misumari ikawa mkono wa kulia. Bibi akashika kisu kwa kushoto.

Ndizi ya kwanza ilichukua muda wa kuchemsha maharage, na nusu ya nyama yake ikaondoka na ganda. Tusekile alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi yake. Kila kisu kilipoteleza alinyanyuka nusu, akajirudisha chini. Kumenya angemenya zote kwa dakika tano. Kukaa kulimtoa jasho.

Jirani yao Mama Ipyana, ambaye uzio wa watu kwake ni dirisha, akachungulia akaona. Hapo hapo akampigia simu Lusajo, mtoto wa pekee wa bibi, dereva wa lori.

"Baba, njoo. Yule msichana wako anakalia kigoda kama bibi harusi, mama yako mgonjwa ndiye anamenya ndizi. Tena juu ya misumari!"

Lusajo akafika Jumamosi, ikiwa imebaki wiki moja miezi mitatu itimie. Akasukuma geti, na kweli: mama yake ameinamia ubao na kisu, msichana amekaa. Damu ikamchemka.

"Wewe! Fungasha virago vyako. Ile barua huipati, utaisikia kwenye bomba!"

Tusekile akasimama. Maelezo alikuwa nayo, lakini mwenye hasira hasubiri maelezo. Akaingia ndani kuchukua mkoba.

"Lusajo," bibi akasema bila kuinua macho, "siku hizi lori limekufundisha kuingia bila salamu?"

"Shikamoo, mama. Lakini huyu anakutumikisha!"

"Marahaba. Yule wenu mliyemsifu alikuwa ananiosha kama sahani. Nilikuwa safi, sikatai. Lakini sahani ikishaoshwa inarudishwa kabatini, watu wakaendelea na maisha yao. Huyu kanitoa kabatini. Wewe umekuja kunirudisha?"

Lusajo akakaa kwenye kigoda cha Tusekile.

Bibi akamenya mpaka ya mwisho. Akamwita Tusekile amsaidie kuinjika sufuria, maana hilo bado lilihitaji watu wawili. Saa nane mchana Lusajo akala chakula cha mama yake, cha kwanza tangu kiharusi. Chumvi ilizidi. Aliomba kuongezewa mara tatu.

Kisha akamgeukia Tusekile. "Dada, nisamehe. Na ahsante. Nilishazoea kwamba mama yangu amekwisha."

"Mimi ndiye wa kushukuru, kaka. Bibi angeweza kunifukuza tangu ule uji wa kwanza."

"Nilikufukuza," bibi akasema. "Hukusikia."

Lusajo akaandika barua. Alipotaka kutia sahihi, bibi akaivuta karatasi.

"Aliyetunzwa ni wewe?"

Bibi hakujua kuandika, na wino wa kuchovya dole gumba haukuwapo. Akakamua ganda la ndizi kwenye dole gumba la kushoto, akalibonyeza chini ya maneno ya mwanawe. Mpaka barua inafika chuoni, alama imekuwa nyeusi.

Mwalimu wa Tusekile, muuguzi wa miaka mingi, akaiinua kwenye mwanga.

"Wino gani huu?"

"Utomvu wa ndizi, mwalimu."

"Nani alimenya?"

"Mgonjwa."

Mwalimu akaikunja barua bila kusoma hata mstari mmoja, akachukua kitabu cha vyeti.

"Jina lako kamili, binti?"

Funzo: Mshukuru anayekufanyia usichokiweza; lakini anayezuia mikono yake ili ufanye unachokiweza, huyo mshukuru zaidi, kwa kuwa amekurudishia wewe mwenyewe.