Gurudumu Lililonyweshwa Ulanzi

Ufa hauogopi rangi.

Mmeisikia asubuhi kwa mama wa genge, alipoona vibarua wanapaka rangi ule ukuta wa soko uliopasuka, eti kuna mgeni anakuja. Mkacheka, halafu mkaja kuniuliza kama ni methali ya kweli au kaitunga yeye. Ni ya kweli, na hakuitunga yeye. Nilikuwepo ilipozaliwa, tena nilikuwa nimevaa suti. Ila kisa chenyewe huwa sikisimulii nikiwa nakula, maana hasira inanipanda nashindwa kumeza. Sasa sahani imeshaondolewa, kwa hiyo sogeeni.

Mtaani kwetu Iringa, kule juu mjini, alikuwepo bwana mmoja akiitwa Kiponza. Gari yake ilikuwa ndogo, nyeupe, ya kawaida tu, lakini ilikuwa na rimu za aloi, zile zenye mikono mitano zinazong'aa. Magari mengine yote ya mtaa yalikuwa na rimu za chuma, nyeusi kama masufuria ya shughuli. Kwa hiyo Kiponza alikuwa na jambo la kusimamia, na alilisimamia hasa. Ukimsalimia akiwa kwenye gari alikuitikia kwa honi.

Mwaka huo Twilumba alikuwa anaolewa. Mama yake alikuwa mjane, mpishi wa shule, mtu aliyelisha nusu ya watoto wa mtaa ule. Harusi ikawa ya mtaa mzima. Tukaunda kamati. Mimi nilikuwa kamati ya vinywaji, na sikuonewa. Kiponza akasimama kikaoni akasema mchango wake ni gari ya kumbeba bi harusi. Tukapiga makofi, na palepale akawa mwenyekiti wa usafiri.

Shida ilikuwa moja. Rimu zilishazeeka. Rangi ilikuwa imebanduka, masizi ya breki yameganda kwenye mikono, na harusi siku hizo tayari zilikuwa za kupigwa video. Kiponza akatangaza kwamba atazipaka mwenyewe, nyumbani kwake, na kwamba siku ya harusi tutazitumia kama kioo cha kunyolea ndevu.

Na kweli, alijua kazi. Hilo simnyimi. Alipandisha gari kwenye matofali nyuma ya nyumba, akafungua magurudumu yote manne. Akayaosha kwa sabuni ya unga na mswaki. Akayapiga msasa, kwanza ule mkali, halafu ule laini wa maji. Pembeni mwa matairi akapaka mafuta ya kujipaka, ili rangi ikirukia huko isishike. Praima ya kijivu, halafu rangi ya fedha ya kupuliza, halafu juu yake laka, ile inayoonekana kama maji lakini ikikauka inakuwa kama kioo. Sasa mnajua upepo wa Iringa. Vumbi lote la barabara linataka kulala kwenye laka mbichi. Kiponza akaingia chumbani, akang'oa chandarua cha kitandani, akayafunika nacho magurudumu uani. Tulikuwa tunapita tunayaangalia yamelala mle ndani manne, yametulia kama wagonjwa wa malaria, wakati mkewe, Mama Yusta, anaamka kila siku ana alama za mbu mpaka kwenye kope. Tulicheka sana. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuyaona.

Tusichokijua ni kwamba moja katika yale manne lilikuwa na ufa.

Haya tulikuja kuyasikia baadaye kutoka kwa Mama Yusta mwenyewe. Kiponza alikuwa ametoka Kilolo, akagonga ukingo wa kalvati la barabara, na tangu hapo tairi moja ikawa inapungua upepo. Fundi wa matairi akamwonyesha kamstari kembamba, kanaanzia kwenye ukingo wa rimu kanaelekea kwenye mkono. Akamwambia rimu hiyo imekufa, afunge ya akiba. Na ya akiba alikuwa nayo. Ilikuwemo kwenye buti, rimu ya chuma, nzima, na tairi yake nzima. Kosa lake lilikuwa moja tu: ilikuwa nyeusi, na zile nyingine tatu zingekuwa zinang'aa.

Mama Yusta ndiye aliyekuwa akimsaidia kupiga msasa. Akamwambia mumewe, hapa ukucha wangu unanasa. Kiponza akasema pataingia puti. Mke akasema puti ni ya bodi, ya kuziba bonde kwenye mlango, haijawahi kubeba uzito wa mtu. Kiponza akamwambia asilete nuksi kwenye gari ya harusi. Akaziba, akalainisha, akapaka. Na ikapendeza. Ndiyo kitu kinachoniudhi mpaka leo. Ile yenye ufa ndiyo iliyopendeza kuliko zote, kwa sababu ndiyo aliyoihangaikia zaidi.

Ikafika siku yenyewe. Gari limepambwa maua na riboni, limesimama mbele ya kwa Mama Twilumba. Kutoka pale hadi kanisani ni kuteremka tu. Na nyie mnaujua mteremko wa Ipogolo, unavyojikunja, na upande mmoja hakuna kitu isipokuwa hewa na vilele vya miti. Gari likikosa gurudumu pale, mtalikuta mtoni.

Twilumba akaingia kiti cha nyuma na shela lake. Mama yake akakaa kulia kwake. Yusta, binti wa Kiponza, ndiye aliyekuwa mpambe, na nafasi yake ilikuwa kushoto. Lakini baba yake akamtoa. Akasema gauni lake litamkunjia bi harusi shela, apande pikapu na wanakwaya. Nafasi ikajazwa na shangazi mmoja wa Kilolo ambaye, Mungu amrehemu, alikuwa na mwili wa gauni tatu. Hakuna aliyeshangaa. Usukani Kiponza hakushika. Alikuwa amekodi dereva, yeye akasema mwenyekiti hukaa gari la mbele kuongoza msafara.

Sasa hapo ndipo walipoingia watani. Sisi Wahehe na Wangoni tulipigana zamani, na waliobaki wakabaki kutaniana. Mtaani Mngoni wetu mkubwa alikuwa Mama Gama, fundi cherehani, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Akaja na wenzake, wakatandika kanga barabarani mbele ya gari. Akasema Mhehe haoi wala haolewi mpaka awalipe waliomshinda vitani. Tukamwuliza vita gani, maana tulivyosikia sisi wao ndio waliokimbia mpaka wakasahau viatu. Akasema walikimbia kwa sababu ya harufu yetu. Ndiyo utani ulivyo. Mtani siku ya harusi anaweza kukupaka majivu, kukunyang'anya kofia, kukalia chakula chako, na wewe unacheka tu. Ukimkasirikia mtani, umejikasirikia mwenyewe.

Nikamletea kopo la ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa idara yangu. Akanywa nusu. Akaliangalia gari, akaangalia yale magurudumu yanavyometameta, akasema farasi wa bi harusi naye ana kiu. Akainama, akaumwaga ulanzi uliobaki juu ya rimu ya mbele, upande wa kushoto.

Watu wakashangilia. Kiponza hakushangilia. Alishuka gari la mbele mbiombio, akamwambia Mama Gama ni mwanamke asiye na adabu, mshenzi, anaharibu kazi ya watu. Kumtukana mtani, mbele ya bi harusi, kwa sababu ya kopo la ulanzi? Kiponza akapiga magoti na suti yake, akatoa leso, akaanza kufuta.

Akafuta povu, povu likarudi. Akafuta tena, likarudi palepale, sehemu moja, kamstari kembamba, vipovu vinatoka kimoja kinapasuka, kingine kinatoka.

"Ni ulanzi tu huo," Kiponza akasema, hakuna aliyemwuliza. "Ulanzi unachemka."

"Huu ni wa leo asubuhi," nikamwambia. "Bado mtamu, hata mtoto anapewa. Na mbona kwingine kote hauchemki?"

Mama Gama akaomba maji safi. Akayamwaga taratibu. Maji hayachachi, lakini yalitoa vipovu. Na hakuna mtu aliyewahi kumiliki hata baiskeli asiyejua maji yenye vipovu kwenye gurudumu maana yake nini. Rimu ilikuwa inapumua. Uzito wa watu ulikuwa umeshaingia garini, na puti ilikuwa imeanza kuachia, pale pale, kabla hata hatujaanza kuteremka.

Mama Yusta alikuwa amesimama na wanawake wenzake. Akasema, kwa sauti ndogo, "Ndipo hapo ukucha wangu uliponasa."

Mama Twilumba akafungua mlango akashuka. Alikuwa amevaa kitenge kipya na mkufu wa kuazima. Akamwangalia Kiponza aliyekuwa bado yuko magotini.

"Baba Yusta, ulikuwa unajua?"

"Mama, nilishaziba. Niliweka puti, nikaweka praima, rangi nikapiga mara tatu, laka nayo…"

"Sikukuuliza ulipaka nini. Nimekuuliza ulikuwa unajua."

"Ni ufa mdogo."

Mama Twilumba akageuka, akaangalia kiti cha nyuma, pale alipokaa shangazi. Nilimwona anafikiria. Halafu akauliza, bila kupaza sauti, "Yusta yuko wapi?"

Kutoka kwenye pikapu ya wanakwaya yule binti akaitika, masikini, hajui lolote: "Niko huku, mama. Baba kanihamisha."

Vijana, mimi nimesoma stashahada, nimekaa kwenye mikutano mingi, nimesikia watu wakipatikana na hatia kwa maneno marefu. Sijawahi kusikia hukumu fupi kama ile. Baba kanihamisha. Kumbe alijua. Alijua vizuri kiasi cha kumtoa mwanawe, akamwacha wa mjane. Angekuwa hajui tungemwonea huruma. Angejisahau tungemcheka. Lakini alipima, akaona damu yake isipande, ya mwenzake sawa, ilimradi video itoke nzuri. Na alikuwa akipita kwa yule mama kila jioni kunywa chai. Kuna wanaume pale walivua makoti. Mimi langu nilikuwa nimeshafungua kifungo kimoja.

Mama Twilumba akawazuia kwa mkono. Akamwambia dereva afungue buti. Akatoa lile gurudumu la akiba, jeusi, na lina utando wa buibui, na dereva akaanza kufungua nati. Mtakubali kwamba hata hapo Kiponza alijaribu kusema? Alisema, na picha je? Gari litaonekana lina chongo.

Twilumba akateremsha kioo. Akatoa kichwa dirishani, shela na yote.

"Baba Yusta," akasema, "mimi ndiye ninayeolewa. Rimu hailetewi posa."

Gurudumu likafungwa. Dereva akalipiga teke, akazunguka gari, akakagua na mengine matatu kwa maji na macho. Lakini Mama Twilumba hakuingia. Alisimama mlangoni, akamwambia shangazi apande pikapu. Kisha akamgeukia Kiponza.

"Sasa mlete mwanao akae hapa."

Tulimwangalia wote. Akaliangalia lile gurudumu jeusi kwa muda. Halafu akaenda mwenyewe kwenye pikapu, akamshika Yusta mkono, akamleta, akamfungulia mlango. Mama Twilumba akaingia baada yake.

"Haya," akasema. "Sasa hii ni gari ya watoto wote. Twendeni."

Kiponza akabaki pale barabarani, na ile rimu yake mikononi, inang'aa, ina harufu ya ulanzi. Mama Gama ndiye aliyemsogelea. Tulidhani atarudisha matusi, ana haki zote. Akaikunja kanga yake barabarani, akajifunga, akamwambia kama mtu anayemsaidia hesabu:

"Mwenyekiti, ungepaka hata mara kumi. Ufa hauogopi rangi."

Ndiyo hiyo. Kufika jioni ukumbini kila meza ilikuwa inaisema. Wiki iliyofuata Kiponza alinijia nyumbani analalamika kwamba watu wamemwaibisha kwa jambo ambalo hata halikutokea, bi harusi si amefika salama? Nikamwuliza kafikaje. Akasema, "Kwa gari yangu." Nikamwonyesha mlango. Mimi mnanijua, mgeni huwa simtoi bila kumchekesha, lakini yule alitoka bila utani wowote.

Na mjue kuielewa. Wengi wakiisikia wanadhani inaisema rimu. Rimu ina kosa gani? Ufa ukipakwa unakaa tu mle ndani unasubiri uzito. Wanaoogopa rangi ni watu. Mtaa mzima ulipita pale kwenye chandarua, wakaona kitu kinang'aa, wakaona haya kuuliza kwa nini moja linahangaikiwa kuliko mengine. Mama Yusta aliuliza, akaambiwa analeta nuksi. Kwa hiyo kesho mkipita sokoni, mkikuta ukuta umeshakuwa mweupe na mnapendezwa nao, msiweke genge chini yake. Mwulizeni fundi amepaka juu ya nini. Akiwaambia msilete nuksi, mjibuni alivyojibiwa Kiponza.

Ufa hauogopi rangi.