Mama Chozi na Mlango wa Ua

Enyi mlioketi, masikio yako wapi?

— Yako hapa! Tia neno!

Nitie dogo au kubwa?

— Tia litoshalo!

Basi hapo kale, kale sana, maua yaliposema na ndege wakajibu, aliishi Bibi Mtambaazi katika bonde la Kwemadala.

Aliitwa Mtambaazi kwa sababu hakuwa na shina la kusimamia. Hakuwa na miiba ya kukwea, wala vikono vya kushikia. Alipanda kwa kujizungusha. Aliukumbatia mti, akauzunguka, akauzunguka tena, mpaka akatokea juu kwenye jua. Majani yake yalikaa mawili mawili, yakitazamana. Maua yake yalikuwa ya samawati, na kila ua lilikuwa kama chumba kirefu: mbele mlango mpana, nyuma kabisa, karibu na kikonyo, asali.

Juu ya mlango palikuwa na unga wa manjano. Waliosoma huuita chavua. Mgeni akiingia, unga humpaka usoni. Akiingia ua la pili, huuacha humo, na ua lile hushika mbegu. Unga usiposafiri, ua hunyauka bure.

Katika bonde hilo aliishi pia Mama Chozi. Chozi ni ndege mdogo kuliko shomoro, mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Mume wake alikuwa amechukuliwa na kipanga, akabaki peke yake na makinda mawili. Kila kiangazi, maua mengine yote yalipokauka, Bibi Mtambaazi peke yake ndiye aliyechanua. Mama Chozi alipiga hodi mlangoni, akakaribishwa, akanywa, akasema ahsante, akaenda ua la pili.

Mwaka mmoja Fuko alichimba chini akaitafuna mizizi ya Bibi Mtambaazi. Majani yakaanza kuwa ya manjano. Bibi akawaita wageni wake wote.

"Wanangu, kiangazi hiki sikivuki. Kunyweni, sina kinyongo. Ila piteni mlango wa mbele, mnibebee unga wangu, nipate kuacha mbegu. Nisipoacha mbegu, mwakani mtakunywa nini?"

"Tumesikia, Bibi!" wakaitika wote.

Siku ya kwanza akaja Nyuki Seremala, yule mweusi mnene anayetoboa boriti za nyumba. Akalitazama lile ua refu, akacheka. Akazunguka nyuma, akatoboa tundu penye asali, akafyonza, akaondoka bila unga hata chembe.

Akamwona Mama Chozi mlangoni. "Wewe nawe! Unapiga hodi kwenye ua kama umeleta posa? Njoo nyuma huku. Tundu moja, fyonza, nenda zako!"

"Nimezoea mlango, kaka yangu," akasema Mama Chozi.

Siku ya pili akaja Kipepeo. Akaliona tundu la Seremala, akanywa papo hapo. Naye akamwona Mama Chozi akitoka mlangoni, uso wa manjano.

"Shoga, umetoka kinuni? Umetwanga nini leo?"

"Kazi ya Bibi," akasema Mama Chozi.

Siku ya tatu akaja Nyigu, naye akapita tunduni. Wengine wakaiga. Bonde zima likapita nyuma.

Sasa Mama Chozi akipiga hodi, sauti ya Bibi humjibu, "Karibu, mwanangu, lakini chumba ni kitupu. Asali wameshainywa." Ua hili tupu. Ua lile tupu. Akarudi kiotani mdomo mkavu. Kinda kubwa lililia. Kinda dogo halikulia tena. Lilifumba macho, likalaza shingo.

"Hodi zako hazishibishi watoto!" Nyigu akamzomea akiwa juu ya tawi.

Mama Chozi akatazama huku, akatazama huku. Akaona ua moja lililochanua asubuhi ile, ambalo Seremala alikuwa ndiyo kwanza amelitoboa na kufukuzwa na upepo. Asali ilikuwa inang'aa tunduni. Kuingia mbele kungechukua muda, na Nyigu alikwisha kuruka kulifuata.

Akatia mdomo tunduni. Akanywa. Akakimbia kiotani, akalitilia kinda dogo tone mdomoni.

Kinda dogo likafumbua jicho moja. Likafumbua la pili. Likafungua mdomo, likadai jingine.

Mama Chozi akashukuru. Lakini moyo wake haukutulia. Alijua amekula kwa Bibi bila hodi. Akaondoka, akarudi kwenye ua lile lile, na sasa lilikuwa tupu kabisa. Akasimama mbele.

"Hodi, mwenye nyumba."

"Karibu. Hamna kitu, mwanangu."

"Najua. Kilichokuwamo nimekinywa mimi, kwa nyuma. Mwanangu amefumbua macho. Sikuja kutafuta. Nimekuja kusema ahsante."

Bibi Mtambaazi akaliinamisha ua lake. Kisha akasema, "Basi ingia."

Mama Chozi akaingia mpaka ndani, akainama, akatoka na unga usoni. Akaenda ua la pili, nalo tupu. "Hodi. Ahsante." Akaenda la tatu. "Hodi. Ahsante." Maua yote aliyoyakuta wazi aliyashukuru tawi kwa tawi, kwa asali ya mwaka huo na ya miaka iliyopita. Seremala na Kipepeo na Nyigu wakashika mbavu kwa kicheko.

"Mwendawazimu huyu! Anashukuru sahani tupu!"

Mama Chozi akaendelea na hodi zake. Akapita, akapita, mpaka mabawa yakauma.

Baada ya siku chache Bibi Mtambaazi akakauka, akaning'inia mtini kama kamba. Maua yaliyotobolewa nyuma tu yalianguka bure. Lakini yale aliyoyashukuru Mama Chozi yaliacha maganda madogo, ya mviringo, yenye ncha kama mdomo wa ndege. Jua likawa kali. Maganda yakapasuka, ta! ta! ta! Mbegu zikaruka.

Mbegu moja ikaanguka ukingoni mwa mto. Ya pili ikaanguka mpakani mwa msitu. Ya tatu ikaanguka penye uzio wa mama mmoja aitwaye Mbuke. Mbuke alipoona mche wake unapanda na kujizungusha, akauwekea fito, ukafunika baraza yake yote kwa samawati. Kila mgeni aliyeusifu akapewa mbegu aende nazo kwao. Ndiyo maana leo mtambaazi huyu utamkuta mitoni, utamkuta kando ya misitu, na tena utamkuta kwenye mageti ya watu katika miji ya mbali ambayo chozi wa Kwemadala hajapata kuiona.

Kiangazi kikarudi. Upande wa bonde alikokaa Seremala hakukuota hata mche mmoja. Akaja mtoni, tumbo limeshikana na mgongo, akataka kutoboa.

"Kaka," Mama Chozi akamwambia, "ukitoboa, mwakani utakuja kutoboa nini?"

Seremala akaona haya. Akaingia kwa mbele, akijisukuma na unene wake, akatoka mgongo wote wa manjano. Mtazameni hata leo, ule umanjano anao.

Lakini aliyekuwa wa kwanza kabisa mwaka ule ni Mama Chozi. Ua la kwanza lilipofunguka aliliendea, na makinda yake, makubwa sasa, yakiruka nyuma yake.

"Hodi."

Ua lilikuwa changa, halikumjua. "Nani wewe?"

"Mgeni wa mama yako. Alitulisha. Nimewaleta wanangu waje washukuru."

"Mbona hamjanywa bado?"

"Tulikwisha kunywa zamani," akasema Mama Chozi.

"Karibuni basi," likasema ua. Wakaingia, mmoja mmoja, na chumba kilikuwa kimejaa.

Funzo lake ni hili: aliyekulisha mrudie umshukuru, hata siku ambayo hana kitu tena. Na kama siku moja shida ilikupitisha nyuma, rudi, upite mbele.

Ngano imeruka, ngano imetua. Tamu yake bebeni, chachu yake niachieni.

— Tumebeba!