Mashahidi Watano wa Chiriku

Paukwa!

Pakawa.

Aa! Hiyo ni sauti ya watu walioshiba kweli? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Watoto, kaeni mbele. Na ninyi wa chuo, mnaosomea uandishi wa habari, msijifiche nyuma na simu zenu. Leo nimewakusudia ninyi.

Hapo zamani za kale, bondeni kulikuwa na kilima cha mawe. Juu ya kilima palikuwa na chuo cha wapiga mbiu. Mwalimu wao Bi Pimbi. Mdogo, mnene, hata mkia hana. Lakini jamani, mwalimu yule! Mimi niliposimuliwa habari zake nilitamani ningezaliwa ndege nikasome kwake. Kila asubuhi anawauliza wanafunzi: "Umeona, au umeambiwa?" Wakikosea, anawauliza tena. Hachoki, wala hafoki.

Na bonde lile lilikuwa na mila. Mtemi Nyati hawezi kumfukuza mnyama mpaka mbiu ipigwe kilimani mara tatu. Ikishapigwa, basi, hakuna cha kukata rufaa.

Mwaka huo jua likawaka. Likawaka, likawaka! Mto ukakauka kau. Likabaki bwawa moja tu, nalo linapungua, linapungua. Wanyama wana kiu, na mwenye kiu hana simile.

Asubuhi moja Chiriku akaja, vuuu! Chiriku alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na pale chuoni hapakuwa na sauti kama yake.

"Shikamoo Mwalimu! Nina habari! Mama Mhanga, yule mchimba mashimo, ametoboa ukingo wa bwawa. Maji yote yanavujia shimoni kwake. Mtemi anasubiri mbiu tu amfukuze, yeye na kitoto chake!"

"Marahaba. Umeona, au umeambiwa?"

"Nimeambiwa, lakini na mashahidi watano! Nyumbu, Ngiri, Kuro, Kanga na Kasuku. Watano, Mwalimu! Tena wote wanasema maneno yale yale."

Mmesikia? Yale yale! Na yeye anaona hiyo ndiyo sifa.

Bi Pimbi kuna jambo alilishuku, ila hakulisema, maana kushuku si kujua.

"Rudi kwa wote watano," akasema. "Waulize swali moja tu: wewe ulimsikia nani? Mimi nashuka bwawani."

"Lakini Mwalimu, Kunguru, yule mpiga mbiu wa ng'ambo, atatutangulia! Tutaonekana wa mwisho!"

"Na Mama Mhanga akifukuzwa kwenye jua hili, na kitoto kinanyonya, atafika wapi?"

Chiriku akaona haya. Akaruka.

Akamkuta Nyumbu. "Ulimsikia nani?" "Ngiri." Akaenda kwa Ngiri. "Nani?" "Kuro." Kwa Kuro. "Nani?" "Kanga." Kwa Kanga. "Nani?" "Si Kasuku! Nani mwingine?"

Kumbe mashahidi wote wa Chiriku ni mdomo mmoja!

Kasuku alikuwa juu ya mkuyu, anatafuna kuyu.

"Wee Kasuku, na wewe uliona?"

"Mimi? Nione wapi! Mimi nimesikia kwa mtu wa kuaminika kuliko wote hapa bondeni. Nimemsikia Bi Pimbi mwenyewe. Juzi, darasani."

Lo, salale!

Chiriku akarudi kilimani amenywea. Akamkuta Bi Pimbi ndiyo kwanza anapanda, matope mpaka magotini.

"Mwalimu... Kasuku anasema alisikia kwako."

"Ndicho nilichokihofia," akasema Bi Pimbi. "Juzi niliwatungia wa mwaka wa kwanza habari ya uongo, watafute kasoro zake. Niliwaambia mapema kwamba ni ya kutunga. Kasuku alichelewa kuja, tena akawahi kuondoka. Nilimwona, na sikumrudishia mwanzo wa somo. Na jina la Mhanga nililitia mimi. Niliona kwa kuwa anachimba, mfano utanoga. Nimekosa, Chiriku."

"Na bwawa je?"

"Nimeuzunguka ukingo wote kwa miguu yangu. Hakuna tundu. Ni jua tu."

Huko chini bwawani wanyama wamejaa tele. Mama Mhanga yuko katikati, kitoto kimejibana tumboni kwake, anapaza sauti: "Sikutoboa! Nendeni mkaangalie ukingo!" Nani aende? Wao ni kupiga kwato tu: "Mbiu! Mbiu! Mbiu!"

"Mwalimu," akasema Chiriku, machozi yanamlengalenga, "nitatangaza kwamba Kasuku ndiye aliyekosea. Jina lako tuliache. Watakufukuza wewe."

"Litaje."

"Siwezi, Mwalimu."

"Chiriku mwanangu. Ukilificha langu kwa sababu unanipenda, kesho utalitaja la mwingine kwa sababu humpendi. Litaje."

Niambieni, wenzangu, mwalimu wa namna hiyo mmemwona wangapi? Mimi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vinabaki.

Chiriku akapanda jiwe la juu.

"Mbiu ya mgambo, ikilia ina jambo! Bwawa halikutobolewa! Mama Mhanga hana kosa! Habari aliitunga Bi Pimbi, mwalimu wangu, iwe zoezi! Kasuku akaitoa nje! Na mimi Chiriku nusura niitangaze bila kuona!"

Mara ya kwanza sauti ilimkwama. Mara ya pili ikatoka. Mara ya tatu ilifika mpaka ng'ambo kwa Kunguru.

Bi Pimbi akashuka, vijiguu vyake vile, tapu, tapu, tapu. Akapita kati ya pembe na kwato mpaka kwa Mama Mhanga.

"Dada, nilitumia jina lako bila kukuuliza. Nisamehe."

Mtemi Nyati akakoroma. "Pimbi, umetutia aibu! Kilima hicho hukiwezi tena. Ondoka!"

"Ngoja, Mtemi," akasema Mama Mhanga. "Nusura nife mimi, basi niacheni niseme mimi. Leo nimetukanwa na bonde zima. Aliyekuja kuniomba radhi ni huyu mmoja. Mwacheni afundishe."

Nyati akatazama chini. Ngiri akatazama pembeni. Hakuna aliyemfukuza tena Bi Pimbi. Mama Mhanga akainama, akanywa maji mafunda makubwa, na kitoto chake kikanywa.

Kesho yake asubuhi alipanda kilima pole pole, kitoto kimetangulia. Akakisukuma kwa pua mbele ya Bi Pimbi.

"Huyu hapa, Mwalimu. Mfundishe kuuliza."

Basi, fundisho ni hili, wala sitalipamba: midomo mingi si macho mengi. Kabla hujaitangaza habari, ifuate mpaka ilikotoka. Na ukikuta imetoka kwako, jitaje.

Ngano yangu imekomea hapo. Mkienda kuisimulia, isimulieni yote.