Bi Mize na Majani ya Msasa

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa kale, mji wa mafundi wa chuma, aliishi mja mwema akiitwa Faki bin Mwalimu, Mola amrehemu. Yeye hakufua visu. Wenzake walivifua wakamletea vikiwa vyeusi, vina makovu ya nyundo, na kazi yake ilikuwa kuvisugua kwa mkono hadi vitakate. Vingi vilikuwa visu vya kuchinjia, na kwa sababu hiyo Faki aliihesabu kazi yake kuwa ibada. Alikuwa akisema, "Mnyama anatoa roho yake kwa jina la Mwenyezi Mungu. Haki yake kwetu ni kisu kisichomtesa."

Zama hizo hapakuwa na msasa wa karatasi huu tunaoununua madukani. Msasa ulikuwa mti, nao upo hadi leo, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Faki alianza na ngozi kavu ya papa, akafuata jani zee la msasa, kisha la makamo, akamalizia na jani changa lililopakwa mafuta kidogo. Kila jani alilipitisha kukingama na njia ya lililotangulia, na hakushika jingine mpaka michirizi ya nyuma ifutike yote. Fundi mwenye pupa huruka hatua, na kisu chake hung'aa vizuri tu ukikitazama kwa mbali. Lakini michirizi imebaki chini ya mng'ao, na ikifika kwenye makali, kisu hukwama kooni mwa mbuzi. Kwa hiyo kuchagua jani ndiyo kazi yenyewe. Kusugua, alisema Faki, hata punda angejifunza lau angepewa vidole.

Mkewe aliitwa Bi Mize. Mola hakuwaruzuku mtoto, basi mapenzi ambayo wengine huwagawia wengi, wao walipeana wawili tu. Bi Mize ndiye aliyechuma majani akayapanga kwenye ungo, mazee upande huu, machanga upande ule.

Uzee ulipoingia, ukungu ukatanda machoni mwa Faki. Hakusema neno. Lakini Bi Mize alimwona akimimina maji pembeni ya kikombe, na asubuhi moja akamsikia akimwamkia mbuzi wa jirani kwa adabu zote, akimuuliza na hali ya nyumbani. Bi Mize alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaingia ndani akalia.

Tangu hapo Faki akawa kila akimaliza kisu humpa mkewe. "Hebu kitazame, Mize. Kimetakata?" Na siku za mwanzo kilikuwa kimetakata kweli. Ikafika siku Bi Mize akakipeleka kisu mlangoni penye mwanga, akakigeuza, akaona kimejaa michirizi. Faki alikuwa amemalizia na jani zee akidhani ni changa, kwa kuwa macho hayakumwonyesha, na vidole vyake vilikuwa na sugu za miaka mingi, havikuweza kumwambia. Neno "bado" lilimfika Bi Mize ulimini likakwama. Kumwambia "bado" ni kumwambia macho yako yamekwisha, na fundi akiambiwa hivyo anabaki na nini?

Akasema, "Kimetakata, bwana."

Uso wa mzee ukachanua. Furaha ile ndiyo iliyomponza Bi Mize. Kutoka siku hiyo, kila Faki alipokwenda msikitini, yeye alikaa chini akakisugua upya kile kisu, akakirudisha pale pale kilipowekwa. Akajiambia, nani aliyedhurika? Huruma nayo ina ujanja wake, ndugu zangu. Humfunga mtu macho huku akidhani anampangusa machozi.

Basi jirani yao, Bwana Shekuwe, akajaaliwa mjukuu baada ya kungoja sana, akataka kisu cha akika ya kesho yake asubuhi. Alibisha hodi wakati Faki ndiyo kwanza anakifuta kisu mafuta. Faki akampa mkewe kama ada. Bi Mize akakigeuza penye mwanga, na michirizi ilikuwa mirefu, imefika hadi kwenye makali.

"Vipi, Mize?"

Alitaka kusema kiachwe hadi jioni. Lakini ulimi ulikwisha zoea. "Kimetakata."

Faki akamkabidhi jirani yake kisu kwa mikono miwili. "Chukua. Mimi si mtu wa kuapa ovyo, lakini hiki nakiwekea dhamana mbele ya Mwenyezi Mungu. Mke wangu amekiona."

Shekuwe akashukuru, akaenda zake. Bi Mize alibaki amesimama. Mumewe ameweka shingo yake mbele ya Mola, na amelitegemea neno la mkewe, na neno lenyewe ni uongo. Mwanamke wa heshima wa mji ule hakimbii njiani mchana, lakini Bi Mize alijitanda mtandio akakimbia, mpaka akamfikia Shekuwe mlangoni kwake.

"Nisamehe, jirani. Kisu hakijakwisha. Nimesema uongo."

Shekuwe alikuwa mtu wa adabu. Alimrudishia kisu bila kumuuliza lolote, akasema, "Alfajiri nitakipitia, Bi Mize. Nenda kwa amani."

Bi Mize alirudi, akapiga magoti mbele ya mumewe, akakiweka kisu mapajani mwake. Akamwambia yote: majani aliyokosea, visu alivyovirudia kwa siri, na sababu yake. "Nilihofia kukuvunja moyo," akasema, na machozi yakamzidi.

Faki akanyoosha mkono, akapapasa hadi akaupata uso wake.

"Mize, macho yangu najua kwamba yamekwisha. Nilijua asubuhi ile uliponiletea uji, nikasikia sauti yako nisiuone uso wako. Nami nikakuficha, nisikutie huzuni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeficha sote wawili." Akampangusa machozi. "Aliyenipa macho ameyachukua, na mimi nimeridhika. Nilisema, alhamdulillahi, nimebaki na ya Mize. Unaponidanganya, mke wangu, ndipo ninapokuwa kipofu."

Bi Mize akaubusu mkono ule wenye sugu. "Hutakuwa kipofu tena, inshallah."

"Basi nipe jani changa. Jua bado lipo."

Faki akapapasa ungo, akainua jani. "Hili?"

"Hilo zee, bwana. Angalau hujalisalimia."

Mzee alicheka hadi kikohozi kikamshika. Kumbe naye alikuwa akijua kwamba aliyemwamkia asubuhi ile ni mbuzi. Wakaketi mlangoni penye mwanga, na kwa kuwa michirizi ilikuwa mirefu, wakaanza upya na jani zee, kisha la makamo, kisha changa. Faki husugua, Bi Mize hutazama. "Kimetakata?" "Bado." Husugua tena. "Bado, bwana." Na kila "bado" Faki alijibu, "Mungu akuweke."

Jua lilipokaribia kuzama, Bi Mize akakigeuza kisu mara ya mwisho, akasema, "Sasa kimetakata." Faki hakuuliza mara ya pili. Asubuhi mbuzi wa akika alichinjwa kwa mkupuo mmoja, na Shekuwe akawaletea fungu lao la nyama kwa mkono wake mwenyewe.

Wakaishi hivyo hadi Faki alipofariki. Wapita njia walizoea kusikia lile "bado" likitoka mlangoni mwao, na wasiojua walidhani bibi yule ana kero. Naye Faki kila baada ya sala aliomba, "Ewe Mola, usinipokonye 'bado' ya Mize kabla hujanipokea mimi." Na Mola akamtakabalia.

Ndugu zangu, wa kutuambia "kimetakata" tunao wengi, na kwa furaha yetu tunawapenda. Mola atupe na wa kutuambia "bado" maadamu jua lingalipo, kabla hatujaikabidhi kazi yetu kwa Yule asiyedanganyika na mng'ao.