Ukuta Ulioitikia

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati ukungu ulikuwa ukishuka kila asubuhi kuwaamkia wanyama nyumba kwa nyumba, kulikuwa na chuo juu ya kilima. Waliosoma pale walikuwa wamekwisha kuhitimu kwingine. Tembo alikuwa na shahada ya kubeba. Kifaru alikuwa na shahada ya kuchimba. Pimbi, yule mdogo kama paka asiye na mkia, alikuwa na shahada ya kupenya. Sasa wote watatu walikuwa katika masomo ya juu kabisa, ya kujenga kwa kushirikiana.

Mwalimu wao alikuwa Mchwa. Kwani ungemwuliza nani mwingine?

Darasani Tembo na Kifaru walifanya vizuri sana. Waliandika kurasa nyingi kuhusu ushirikiano, kila mmoja akimgeuzia mwenzake mgongo asije akaangalizia.

Siku moja Mwalimu Mchwa akasema, "Mtihani wa mwisho hauandikwi. Mtajenga nyumba ya akina mama wa bondeni, wapate pa kutamia mayai. Ikikamilika, mnapata shahada moja, yenu wote watatu. Isipokamilika, hakuna anayepata."

Mama Kware alikuwa wa kwanza kuja kuiona. Alibeba mayai yake kikapuni.

"Fanyeni haraka, wanangu," akasema. "Mwaka jana mvua ilinikuta bondeni. Maji yaliyachukua yote."

Hakulia. Lakini Pimbi aliona kwamba kanga yake ameyafunika nayo mayai, na mwenyewe anatetemeka kwa baridi.

Nguzo zikasimama, paa likaezekwa, fito zikafungwa. Ikabaki kukandika udongo tu. Pimbi akaukanyaga udongo mpaka ukalainika.

"Sogea, Kifaru," akasema Tembo. "Ukuta huu niachie mimi."

Akachota udongo, akaurusha. Pwaa! Ukapita katikati ya fito, ukaanguka upande wa pili. Puu!

"Ha! Ha! Shahada ya kubeba hiyo!" akacheka Kifaru. "Hebu tazama wanaojua."

Akarusha na yeye. Pwaa! Ukapita. Puu!

"Udongo mbovu!" wakasema wote wawili.

Wanangu, nyumba ya udongo hukandikwa na wawili. Mmoja husimama ndani, mwingine nje, wakapiga mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hapo udongo wa huyu hukutana na wa yule, ukashikana kwenye fito. Pimbi alilijua hilo. Hata Tembo na Kifaru walilijua, walikuwa wamelijibu kwenye mtihani.

"Basi mmoja aingie ndani," akasema Pimbi kwa upole.

"Na huyu? Aka!" akasema Tembo.

"Bora nikandike peke yangu mpaka nizeeke," akasema Kifaru.

Wakaondoka, mmoja huku, mwingine kule. Na mawingu yakaanza kukusanyika.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kama maziwa. Pimbi akamfuata Tembo, taratibu, tiki tiki tiki.

"Kaka Tembo, nikwambie siri? Ukuta ule una roho. Unapenda kubembelezwa. Ingia ndani, ufumbe macho, useme, 'Pokea!' Wenyewe utaitikia, 'Lete!' Hapo upige. Ila una haya sana. Ukijua unasikilizwa, hunyamaza. Tia sufi hizi masikioni, usikie kidogo tu."

"Ukuta uitikie? Lo!" akasema Tembo. Lakini akazitia sufi masikioni.

Kisha Pimbi akamkimbilia Kifaru.

"Kaka Kifaru, nikwambie siri? Simama nje ya ukuta, ufumbe macho. Utasikia ukisema, 'Pokea!' Wewe itikia, 'Lete!' Halafu upige. Ila una haya, basi nawe utie sufi hizi masikioni."

"Na Tembo je, anaijua siri hii?"

"Tembo? Sijamwona nje leo," akasema Pimbi. Na kweli, nje hakuwepo.

Basi ndani ya ukungu ule mweupe ikasikika sauti nene, ya mbali, kama mtu anayeongea usingizini.

"Pokeaaa!"

"Leteee!"

Pwaa! Udongo ukashika.

"Pokeaaa!"

"Leteee!"

Pwaa! Ukashika tena. Pimbi akawa anakimbia huku na huku akiwamwagia udongo miguuni, na ukuta ukapanda kama mkate unaoumuka.

"Ukuta wangu," akanong'ona Tembo, macho amefumba, "unapiga vizuri. Hujachoka?"

"Kidogo," ikajibu sauti. "Nawe?"

"Mimi pia. Basi tupige polepole."

"Ahsante," ikasema sauti. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechoka."

Wakaendelea hivyo, polepole, kama wanaobembeleza mtoto. Wakauzunguka ukuta mzima, na kwa kuwa macho yamefumba, wakaukandika na mlango.

Tembo akafumbua macho. Giza!

"Ukuta! Ukuta wangu! Nifungulie!"

Kifaru akatoa sufi masikioni. "Nani huyo? Mimi si ukuta. Mimi Kifaru!"

Tembo naye akazitoa sufi zake.

"Kifaru?" ikauliza sauti ya ndani. "Ni wewe uliyekuwa umechoka?"

"Ni wewe uliyeniuliza?"

Kisha wote wawili wakanguruma, "PIMBI!"

Pimbi akaruka juu ya paa. "Nimewadanganya, kaka zangu. Nipigeni kesho. Leo tazameni kule!"

Mama Kware alikuwa anapanda kilima mbio, kikapu kifuani, na nyuma yake mvua. Sha! Sha! Sha! Mlango hakuna.

"Natoboa kwa pembe," akasema Kifaru. "Lakini nikitoboa, udongo mbichi utaporomoka wote."

"Toboa," akasema Tembo. "Mimi naushikilia huku ndani, kwa mgongo na masikio yote mawili. Uko tayari? Pokea!"

"Lete!"

Safari hii macho yao yalikuwa wazi. Pembe ikaingia polepole, bonge la udongo likatoka zima, na Mama Kware akapita hapo na mayai yake, akiwa mkavu.

Mwalimu Mchwa alipofika, alisimama mlangoni akiutazama ukuta.

"Nani kaukandika?"

"Kifaru," akasema Tembo.

"Tembo," akasema Kifaru.

"Na wewe, Pimbi?"

"Mimi nilikanyaga udongo, Mwalimu. Na nilisema uongo kidogo."

"Alitukutanisha," wakasema wale wawili kwa pamoja.

"Shahada hii moja basi mtaitunza wapi, ninyi watatu?" akauliza Mchwa.

"Ssss!" akasema Mama Kware kutoka pembeni. "Ongeeni polepole, nawaomba."

Wakanyamaza. Nje mvua ilikuwa inamwagika bondeni. Ndani, chini ya bawa la Mama Kware, kitu kilikuwa kinagonga: ko, ko, ko.

Wanangu, mwenzako aliye upande wa pili ndiye anayefanya kazi yako ishike.