Mchi wa Pili wa Siwatu

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa kinu na mchi, na mtama usio na wa kuutwanga. Niwape, nisiwape?

Tupe.

Hapo kale, katika kijiji kimoja cha bara, alikuwepo mama akiitwa Siwatu. Mume alishakufa, mabinti zake wote wameolewa mbali. Nyumba kubwa, mtu mmoja. Akipika, anapika kidogo. Akiongea, anaongea na kuku.

Sasa nyinyi mnajua kutwanga. Wakiwa wawili kwenye kinu kimoja, huyu anainua, yule anashusha, na kinu kinaimba: putu, putu, putu. Siwatu alitwanga peke yake, na kinu chake kikasema pu. Anapumua. Pu. Anapumua. Pu.

Watoto wakaiokota sauti ile, maana watoto hawakawii. Mtu akila peke yake, "leo yuko pu." Mbuzi akiachwa na kundi, "yule kabaki pu." Neno likakua. Watu wazima nao wakalitumia, wala hawakukumbuka limetoka uani kwa nani. Siwatu alikumbuka. Kila alipolisikia kisimani lilimuuma, akajitwisha mtungi wake akaondoka bila kuaga.

Siku moja akasema, "Kumbe anayenisema ni kinu. Basi nitakifundisha maneno mengine."

Akachukua mchi wa marehemu mama yake. Mmoja mkono huu, mmoja mkono ule. Putu, putu, putu. Mabega yalimwaka moto, lakini alicheka, jamani, alicheka mwenyewe.

Jirani yake, Mwajabu, akasikia kutoka ng'ambo ya ua. "Siwatu kapata mgeni," akawaambia watu.

Na desturi ya kule ilikuwa hii: nyumba yenye mgeni haiingiliwi. Mwenyeji anaachwa azungumze na mgeni wake, mpaka mwenyewe aite majirani. Ndiyo heshima yao.

Mwajabu aliyezoea kuja kuomba moto, hakuja. Kikongwe mmoja aliyezoea kupita kuomba chumvi, hakupita. Watoto waliozoea kufukuza kuku wake, hawakuonekana. Mnaona alichojifanyia? Alitaka waje, akawafungia mlango kwa mikono yake miwili.

Siwatu akadhani hawasikii. Akatwanga kwa nguvu zaidi. Nao walivyozidi kusikia, ndivyo walivyozidi kukaa mbali. Mtama ukaisha, akatwanga pumba. Pumba zikaisha, akatwanga kinu kitupu. Upweke aliokuwa nao mwanzo ulikuwa afadhali.

Asubuhi moja, viganja vimechubuka, akamsikia Mwajabu njiani akiwakemea watoto: "Piteni polepole. Msimsumbue Siwatu na mgeni wake."

Hapo ndipo alipoelewa. Na angeweza kunyamaza, si ndiyo? Angesema mgeni kaondoka, na aibu yake asingeijua mtu. Lakini alikuwa amechoka. Akasimama kwenye ua.

"Mwajabu, dada yangu."

"Abee."

"Sina mgeni."

"Na huo mchi wa pili?"

"Ni wangu. Yote miwili ni yangu. Nilichoka kusikika niko peke yangu."

Mwajabu akaingia, akaitazama mikono ile. Hakucheka. Hakusema pole.

"Siwatu," akasema, "miaka yote nimekuja kwako kuomba moto. Wewe ulidhani kwangu moto unazimika kila siku?"

Siwatu akageuka kumtazama.

"Nilikuwa na moto tele. Nilikosa mtu wa kukaa naye. Nikasikia michi miwili, nikasema basi, kapata wake, mimi hanihitaji tena. Nimelia, mwenzangu."

Wakakaa chini kandokando ya kinu, kila mmoja akimwonea haya mwenzake. Kisha Mwajabu akachungulia ndani ya kinu, akaona hamna hata punje. Akainuka kwenda kwake kuchukua mahindi. Siwatu akabaki mlangoni akingoja, na safari hii alimjua anayemngoja.

Hadithi yangu imefika kizingitini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi niliyeipika.